Kiganja Juu ya Boneti

Usiku ule wa kuamkia siku ya kwenda yadi ya magari nililala na magari mawili machoni: jeupe na la buluu. Yote makuukuu, yote ya mbio, ya chini, ya milango miwili, na yote ya bei ninayoiweza. Asubuhi nilitakiwa nichague moja. Aliyekuwa anichagulie ni kaka yangu Salumu, lakini Salumu figo zilimmaliza kabla ya masika.

Tangu utotoni tulilitaka gari la namna hiyo pamoja. Yeye angeendesha, mimi ningekaa pembeni nikipiga kelele. Tulipomzika, nilijiambia nitalinunua hata hivyo. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa namwandalia kiti.

Nikamkuta yadini. Amejifunika shuka la wodini mabegani. Mvua hainyeshi, lakini magari yote yamelowa. Kombo, dalali, aliye hai na mwenye maneno mengi, anamsalimia kana kwamba hakujatokea jambo.

"Kaka, dada yako anachagua mpaka basi! Hii ya buluu haitembei, inaruka. Mwenyewe mwalimu, alikuwa anaitoa Ijumaa tu, kwenda msikitini."

"Na kurudi alikuwa anatembea kwa miguu?" anauliza Salumu.

Tunacheka wote watatu. Kicheko chake ni kilekile, kinaanzia puani. Nataka kisiishe.

Salumu alikuwa na desturi yake. Hakununua gari kuukuu kabla ya kuweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, basi muuzaji ameiwasha injini mapema ili usiisikie inavyokohoa ikiamka. "Gari ulikute limelala," alikuwa akisema.

Sasa anaweka kiganja juu ya boneti ya lile la buluu. Anakwenda kwa jeupe, anaweka. Anarudi tena kwa la buluu.

"Vipi, kaka?"

"Sijui, Mwaju. Sisikii."

"Husikii nini?"

"Joto. Weka wewe."

Naweka, nauondoa mkono upesi. Inaunguza. Najaribu jeupe, nalo vilevile. Kombo anatazama pembeni, anajifuta jasho. Na kiganja cha Salumu bado kiko pale pale juu ya bati la moto, kimetulia, kama kimewekwa juu ya meza.

"Baridi," namwambia. "La buluu limelala, kaka. Tulichukue."

Ananitazama kwa muda. Hajawahi kunitazama hivyo akiwa hai.

Halafu nimeshika usukani. Hakuna yadi tena. Gari limesimama katikati ya wodi, vitanda huku na huku, na chupa za dripu zinaning'inia juu ya kioo cha mbele. Injini inakohoa. Salumu yuko nje, ameushika mlango wa upande wa pili.

"Ingia," nasema. "Ingia, kaka, tuondoke humu."

Anainama sana, maana gari ni la chini. Anakiangalia kiti. Anakipangusa vumbi kwa ncha ya shuka.

"Usininunulie kiti, Mwaju. Mimi sipandi tena."

Akaufunga mlango polepole, kama mtu anavyofunga mlango wa gari la mwenzake.

Niliamka jua limeshaingia chumbani. Simu ilikuwa inaita.

"Dada, uko wapi? Kuna mteja anaizungukazunguka ile ya buluu."

"Mwachie."

"Basi nikuwekee nyeupe?"

"Sitaki hata moja, Kombo."

"Eh! Umeota vibaya nini?" Akacheka. "Haya, nikutafutie ya milango minne, ya watu wazima?"

Nikakata simu. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni. Nje majirani walikuwa wakisalimiana, wakiulizana habari za kuamka. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike, sikuwa na jambo lolote la kumfanyia Salumu.