Mbegu Zilizoliwa Msibani

Nakumbuka siku tuliyomzika mama yangu, mjukuu wangu, na kinachonijia kwanza si jeneza wala nyimbo za kanisani. Ni maji. Wanawake wa ukoo walikuwa wameinama uani wakiosha maharage ya kuwapikia waombolezaji, na maji kwenye beseni yalikuwa ya kijivu. Maharage ya kula hayatoi maji ya namna ile. Kwetu huku milimani, mbegu ndiyo inayoviringishwa kwenye majivu, ikatiwa kibuyuni, na kibuyu kikatundikwa juu ya jiko ili moshi uifukuzie wadudu.

Niliingia jikoni mbio. Kigingi alichotundikia mama kibuyu chake kilikuwa kitupu.

Ngoja nikueleze kibuyu kile kilikuwa na nini, maana ninyi mkisikia maharage mnafikiri ya njano tu. Mama hakuwahi kupanda rangi moja. Kiganjani mwake ulikuta mekundu, ya kijivu, meupe machache, yenye madoa kama yai la kware, na kijeusi kimoja kidogo, kibaya cha sura, kigumu kuiva hata kuni zikuishie. Yote aliyapanda pamoja. Kila moja lilikuwa na jina la Kiha, na leo majina mengine yamenitoka. Hilo linaniuma kuliko meno yangu yaliyong'oka.

Nilipokuwa msichana nilimuuliza kwa nini hachagui yale mazuri peke yake. Akacheka.

"Mimi nichague? Mvua ndiyo inayochagua, mwanangu. Jua nalo linachagua. Mdudu anachagua. Kazi yangu ni kuwapa cha kuchagua."

Na kweli, mwaka wa mvua nyingi mekundu yalioza, kijeusi kikasimama. Mwaka wa jua kijeusi kilinyauka, ya madoa yakatulisha. Mbegu nyingi za msimu wa mbele zilitoka kwa yale yaliyopona, lakini hata yaliyoshindwa alihakikisha hayapotei. Alibakiza punje chache, kwa sababu zamu yao ingerudi.

Nilipoolewa Kagerankanda sikupewa mbegu hizo. Desturi ya nyumba yetu ilikuwa hivi: binti hapewi mbegu mpaka dari la jiko lake liwe jeusi kwa moshi, kwani mbegu ikitundikwa kwenye jiko jipya huliwa na wadudu. Mama akaniambia, "Pika kwanza, dari likolee. Mwakani uje na kibuyu chako." Mwakani haikufika. Homa ilimchukua dari langu likiwa bado la njano, nikarudi kwetu Kibondo kulia tu.

Aliyefungua kibuyu alikuwa kaka yangu mkubwa, Filipo, ambaye ndiye aliyebaki na mji wa wazazi. Nilimfuata alikokuwa amekaa na wanaume.

"Kaka, ile ni mbegu."

"Mbegu ya takataka," akasema, wala hakugeuka. "Watu wametoka mpaka Kakonko, unataka walale na njaa? Kizuri chajiuza, dada. Wachuuzi wa mjini wanataka njano tupu, na mimi njano ninayo gunia zima. Haya ya mama nani atayanunua?"

Wanaume wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Mimi nilikuwa binti aliyekwisha kuolewa. Nyumbani kwa kaka yangu sauti yangu haikuzidi ya kuku. Sufuria zilikuwa zimekwisha kubandikwa.

Chakula kilipogawiwa, mama mkubwa Tereza, dada wa marehemu, alirudisha sahani yake chini. Akaita kwa sauti iliyosikika uani kote: "Filipo! Asubuhi tumemzika mdogo wangu kwa majembe. Sasa unataka nimzike tena kwa meno?"

Watu walisema ni uchungu tu, mzee amechanganyikiwa. Wakaendelea kula, na wageni wakasifu mapishi. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, mjukuu wangu. Yalikuwa matamu.

Msimu uliofuata Filipo alipanda njano shamba zima, na majirani walikuwa wamekwisha kumtangulia. Yaliota kwa uzuri, yamelingana kama watoto wa shule kwenye mstari. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mvua ikaja isiyopumua, mizizi ikaoza. Ukishika shina linang'oka lenyewe. Kwa kuwa yote yalikuwa ndugu wa tumbo moja, ugonjwa uliompata mmoja ulimpata kila mmoja, na hapakuwa na kijeusi cha kusimama katikati yao.

Filipo alikuja kwangu na baiskeli, mashavu yamembonyea. Wanawe walikuwa wanakula mihogo mitupu.

"Dada, huna hata punje za mama?"

"Dari langu halikuwahi, kaka," nikamjibu. "Kaziulize kwenye matumbo ya wageni wako."

Aligeuza baiskeli, akaondoka. Mpaka sasa tunapokutana tunasalimiana "Mwakeye" na kuitikiana, kama watu waliogongana mnadani. Sijamsamehe, na sitakudanganya kwamba nimemsamehe.

Miaka mingi baadaye, kambi ya Mtabila ilipojaa wakimbizi, nilikwenda kule na kikapu cha viazi. Mama mmoja wa Kirundi alinibadilishia konzi moja ya mchanganyiko aliovuka nao mpaka, umefungwa kwenye pindo la kitenge. Ndio huo unaouona leo juu ya jiko langu. Mna mekundu, mna ya madoa. Kijeusi cha mama hamna. Nimekitafuta masokoni mpaka wauzaji wananicheka. Kimekwisha duniani, na kiliishia kwenye sahani.

Basi jana ulipokuja na mfuko wako wa mbegu ya aina moja, ukaniambia, "Bibi, hayo yako ni ya kizamani," nilinyamaza, kwa sababu nilisikia sauti ya Filipo. Leo nakujibu. Panda hiyo ya kuuza, sikukatazi. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Tenga kipande cha shamba, humo upande mbegu za rangi zote, na ile usiyoipenda uibakize. Na huo msitu mnaoufyeka kwa ajili ya mkaa nao ni kibuyu, na yaliyomo hata majina yake hatuyajui. Usikihukumu kitu kufa kwa kuwa leo hakina mnunuzi. Hujui mvua ya kesho itamtaka nani.

Dari lako nimelitazama, limekolea. Njoo na kibuyu chako kesho, usingoje mwakani. Na siku mtakayonizika, wapeni wageni uji. Ukikosekana uji, walale na njaa, wataamka. Kibuyu changu kisiguswe. Ukinitunzia hilo, Mungu akutunzie wanao, wasifanane wote, na kila mvua itakayokuja ikute mmoja wao amesimama.