Herufi za Baba Mkwe

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Ni siku niliyokaribia kukosa mume kwa sababu ya kivinjari.

Nilikuwa msichana wa saiba, duka la intaneti, pale mjini Nairobi, kazi yangu kuwafungulia wateja mtandao na kuwasaidia wakikwama. Hapo ndipo nilipokutana na Kenta, Mjapani mpole, fundi wa mitambo aliyekuwa akiishi Kileleshwa. Tukapendana. Nikampeleka kwetu Waithaka, na Baba Mkubwa, kaka ya marehemu baba yangu na msemaji wa ukoo, akasema jambo moja tu: hatoi msichana kwa mtu ambaye yeye hapajui kwao. Kenta akafurahi. Baba yake ni mkulima, akasema, na huandika habari za shamba lake kwenye ukurasa wa mtandao. Waje waone wenyewe, yeye atawatafsiria.

Basi wakaja saiba, Baba Mkubwa amevaa koti lake la kanisani, pamoja na dada yake, Shangazi Njoki. Nikafungua ukurasa. Mwanangu, kilichotokea ni takataka tupu: alama za kuuliza, herufi zenye vikofia, vimkia na vistari ambavyo hata Kenta hakuweza kuvisoma.

Baba Mkubwa akavua miwani. "Hii ni nini sasa? Hata ng'ombe akikanyaga hii mashine ataandika hivi. Njoki, twende."

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikashika kipanya niufunge ule ukurasa. Shangazi akanishika mkono.

"Unafunga nini? Mteja akikuletea hii, unamwambia aende nyumbani?"

Hapo nikazinduka. Wajapani wengi walikuwa wateja wetu pale saiba, na shida hii nilikuwa nawatatulia bila hata kufikiria. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba, na kuna jedwali linaloiambia namba fulani ni herufi gani. Wajapani walikuwa na majedwali kadhaa, na yule mzee hakutaja popote kwenye ukurasa wake ametumia lipi. Kivinjari chetu kikabaki kukisia, na kwa mazoea ya huku kwetu kikasoma Kijapani kwa jedwali la Kizungu. Namba zenyewe zilikuwa salama zote.

Nikaingia kwenye menyu nikachagua jedwali moja la Kijapani. Zikatokea herufi za Kijapani kweli, lakini Kenta akatikisa kichwa. "Bado. Hii haisemi kitu." Nikachagua lingine. Ukurasa ukajipanga wote mara moja, mistari safi toka juu hadi chini, nami nikapiga makofi bila kujali wateja. Furaha niliyoisikia siwezi kukueleza. Kenta akaanza kutafsiri.

"Baridi imeshuka tena. Tumewasha feni shambani ili machipukizi ya chai yasiungue. Mtoto wangu yuko Nairobi, anataka kuoa binti wa wakulima. Mashamba yao siyajui, lakini nawaombea mvua."

Baba Mkubwa alikuwa na chai yake Limuru, na baridi ilikuwa imeichoma msimu ule ule. Akavuta kiti, akakaa.

"Hizo feni zinafukuza baridi kweli?"

"Nitamuuliza, Baba."

"Muulize leo. Mwambie mkwe wake ndiye anauliza."

Sasa nisikilize, mwanangu. Vivinjari vya siku hizi vimeerevuka, na kurasa nyingi zinatumia jedwali moja la dunia nzima. Lakini wewe unayejenga kurasa, taja jedwali lako pale juu kabisa, usimwachie mwenzako kukisia. Na ukikutana na mtu ambaye maneno yake yanakufikia kama takataka, usikimbilie kumfunga kama nilivyotaka kuufunga ule ukurasa. Huenda yeye ni mzima, ni wewe unayemsoma kwa jedwali la kwenu. Jaribu lingine, likikataa jaribu tena. Na aibu ikikushika mbele ya watu wako, wahudumie kama ambavyo ungemhudumia mgeni.

Mungu akutunze. Huko nje wako watu wanaokuombea mema kwa lugha usiyoijua, naye akujalie siku moja uwaelewe.