Sala Niliyoigiza Kanisani

Rafiki yangu alinijua kabla sijajua kuigiza. Tulikutana chuo cha ualimu, mimi nimetoka Tunduru na mtandio wangu, yeye mzaliwa wa Songea, wa familia ya Kikatoliki ambayo Jumapili haikosi misa ya kwanza. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akinichukulia chakula changu bwaloni na kukifunika vizuri mpaka jua lizame. Pasaka ikifika, mimi ndiye niliyemshonea gauni.

Ajira za ualimu hazikutufikia. Nikakodi chumba cha cherehani Bombambili, mjini Songea, yeye akanunua kamera na kuanza kukusanya watu wa kuigiza filamu. Kikundi kilikuwa kidogo: dereva wa bodaboda, muuza mitumba, mwalimu mstaafu, na mimi. Nilianza kama mshonaji wa mavazi. Siku moja aliyetakiwa kucheza shangazi mkorofi hakutokea, nikasukumwa mbele ya kamera, na tangu siku hiyo sikurudi nyuma.

Nilipenda kuigiza. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Nimecheza mlevi, na sijawahi kuonja pombe. Nimecheza mke anayemloga mke mwenzake, na mimi hata hirizi naogopa kuigusa. Hakuna aliyeniuliza kama naamini ulozi. Watu walicheka, wakanisimamisha njiani, wakaniita kwa jina la yule mke mchawi.

Kisha rafiki yangu akaandika hadithi ya mama Mkristo ambaye mwanawe anaumwa sana, naye anakwenda peke yake kanisani kumwombea. Akaniambia nafasi ile ni yangu.

"Mimi?" nikamuuliza. "Kikundi kizima Wakristo, unanichukua mimi?"

"Nataka mtu anayejua kulia. Wale wengine wanasali kila Jumapili, wamezoea. Wewe utasali kama mtu anayesali mara ya kwanza."

Nilimpigia mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Akasema, "Mwanangu, mlevi unaweza kumwigiza, kwa sababu mlevi hamwambii Mungu kitu. Lakini sala ni maneno anayoyasikiliza Mungu mwenyewe. Utamwambia Mungu jambo usiloliamini?"

"Mjomba, anayesema si mimi. Ni yule mama wa kwenye hadithi. Mimi namwazima sauti tu."

"Haya. Angalia asije akaondoka nayo."

Nilimweleza rafiki yangu maneno hayo na tukacheka pamoja. Akaniahidi, ameshika mkono wangu, kwamba jina langu na dini yangu vitabaki pembeni. "Filamu ni filamu," alisema. "Hakuna atakayekuchanganya wewe na mama huyu."

Tulirekodi katika kanisa dogo la kigango nje ya mji. Katekista alituruhusu asubuhi baada ya ibada. Rafiki yangu alikuwa amenifundisha ishara ya msalaba kule chumbani kwangu kwenye cherehani, na bado nilikosea bega. Nilipiga magoti, rozari mkononi, nikasema maneno yaliyoandikwa. Hakuna chozi. Tukarudia. Mara ya nne au ya tano akazima kamera, akanishika kiwiko, akanitoa nje mpaka kwenye migomba.

"Hulii kwa sababu unacheza," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mfikirie mwanao."

Nilikuwa na mtoto wa kike. Alifariki akiwa na miaka minne, kwa homa, kule Mbesa hospitalini, baada ya wauguzi kuhangaika naye siku tatu. Rafiki yangu alisafiri kutoka Songea kuja msibani. Alilala na mimi kwenye mkeka mmoja, kwa hiyo alijua alichokuwa anagusa.

Nikarudi ndani. Sikumbuki kama kamera ilikuwa imewashwa tayari. Nakumbuka sakafu ya saruji ilikuwa baridi magotini na nikaanza kusema, na maneno hayakuwa yale ya kwenye karatasi. Nilisema, "Mungu wangu, nimekuja kwako, sina pengine pa kwenda. Nimechoka kujifanya mzima." Nililia mpaka mwalimu mstaafu, aliyekuwa ameshika taa, akageukia ukutani. Tulipomaliza, rafiki yangu alinikumbatia na yeye akilia, akasema, "Hii ndiyo. Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta."

Wiki chache baadaye mwanamke wa jirani aliingia chumbani kwangu kwenye cherehani akiwa na kilo ya sukari na sabuni ya mche. Nyuma yake walikuwa wenzake wawili wa jumuiya ya kanisa. Walikaa kwenye benchi la wateja, nyuso zimejaa furaha.

"Hongera, dada," akasema. "Tumekuja kukukaribisha nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Akanionyesha simu yake. Nilijiona nimepiga magoti. Kipande kilikuwa kifupi, kimeanzia kwenye "nimekuja kwako" na kuishia kwenye kilio. Juu yake palikuwa pameandikwa: Binti wa Kiislamu kutoka Tunduru ampokea Yesu mjini Songea. Tazama machozi yake.

Niliwaeleza kwamba ile ni filamu. Yule jirani alinitazama kama mtu aliyeibiwa akiwa amesimama palepale. "Kwa hiyo machozi yale yalikuwa ya uongo?"

Niliinamia kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani. Maana hayakuwa ya uongo. Waliondoka, na sukari wakaiacha.

Siku hiyohiyo alasiri wateja wangu wa msikitini walianza kuchukua vitambaa vyao. Hakuna aliyenitukana. Mmoja, mama mtu mzima ambaye nilikuwa nikimshonea baibui kila mwaka, alikunja kitambaa chake taratibu na kusema tu, "Mungu akuongoze, mwanangu." Nikaanza kumweleza. Akaitikia kwa kichwa mpaka nikamaliza, akaenda zake na kitambaa. Nilimpigia mama yangu Tunduru mara tatu. Mara ya nne alipokea mjomba. "Mama yako anapumzika," akasema, akakata.

Nilikwenda kwa rafiki yangu kwa miguu, maana sikutaka bodaboda yeyote anitambue. Nilimkuta mbele ya kompyuta, anakata filamu.

"Nani ameweka kile kipande?" nikamuuliza, japo nilikuwa nalijua jibu. Mambo ya Tunduru na dini yangu, kikundi kizima yeye ndiye aliyeyajua kwa undani, na picha zilikuwa kwake peke yake.

Hakukataa. "Nilikuwa natafuta namna watu waifahamu filamu. Kipande cha kwanza nilichokiweka hakuna aliyekitazama. Hiki kimefika mpaka Namtumbo, mpaka Mbinga. Shoga, sikujua kitakwenda mbali hivyo."

"Kifute. Na uandike kwamba niliigiza."

"Nikiandika hivyo sasa, watasema mimi mwongo, filamu itakufa kabla haijatoka. Nipe mwezi mmoja."

"Mama yangu hapokei simu yangu!"

Akageuza kiti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliongea kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi aone kosa lake. "Lakini jiulize, mbona ulilia kweli? Maneno yale sikuyaandika mimi. Labda mimi nimeandika tu kile ambacho wewe unaogopa kukisema."

Nilimtazama mtu aliyelala na mimi kwenye mkeka wa msiba. Alijua nilimlilia nani. Alinitoa nje mpaka kwenye migomba, akaniambia nimfikirie, na sasa ananiambia nilikuwa namlilia Yesu wake. Sikupiga kelele. Nilichukua mkoba wangu wa sindano na pini niliokuwa nimeuacha kwake, nikatoka.

Kesho yake nilipanda basi la Tunduru. Mama nilimkuta shambani, anafyeka chini ya mikorosho. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Aliitikia marahaba bila kuinuka. Nikachukua panga la pili nikafyeka kando yake, mstari mzima.

Mwishowe akasema, "Ulikuwa unamwomba nani pale?"

"Mungu, mama."

"Kwa ajili ya nani?"

Nikamtajia mwanangu. Mama akaacha kufyeka.

"Nilimwambia mjomba wako hivyohivyo," akasema. "Nilimwambia, huyu hajabadili dini, huyu anamlilia mtoto. Namjua." Akajifuta jasho kwa ncha ya khanga. "Si hilo lililonifanya nisipokee simu. Siku tulipomzika mjukuu wangu ulikaa kama gogo. Nikakushika, hukulia. Nikasema, labda ndivyo alivyo. Kumbe machozi ulikuwa nayo. Ukaenda kuwapa watu wa kamera."

Kwa hilo sikuwa na utetezi, na sina mpaka leo. Mpaka wakati ule nilijiona mimi ndiye niliyesalitiwa, peke yangu. Niliketi chini kwenye majani niliyoyafyeka. Mama akaketi pia. Tulilia pamoja, kwa kuchelewa sana.

Mjomba hakunisema. Ijumaa alisimama msikitini baada ya swala akawaeleza watu kwamba mpwa wake ni mwigizaji, na kwamba picha imepewa maneno yasiyo yake. Wengine waliamini.

Filamu ilitoka. Rafiki yangu alikiondoa kile kipande na kuandika mistari mitatu ya maelezo, ambayo ninadhani imesomwa na watu wachache kuliko wanaokaa nyumba moja. Kipande chenyewe bado kinatembea. Mwaka huu mteja mgeni alinionyesha, hakujua ni mimi.

Naigiza bado, na kikundi kingine, mara chache. Naamini vilevile kwamba mwigizaji hahitaji kuwa na imani ya mtu anayemwigiza. Nilichojifunza ni kingine: kwamba cha kweli unachokitoa ili uongo uaminike, hakirudi kwako, na aliyekishika anaweza kukifanya apendavyo. Kwa hiyo siku hizi nikishindwa kulia, natumia kitunguu. Mwongozaji wetu mpya anasema ninapwaya kidogo. Namwacha aseme.

Mwezi uliopita rafiki yangu alikuja kwenye cherehani. Amekonda. Alisimama mlangoni, akaomba msamaha, na niliona kwamba anamaanisha, maana uso wake naufahamu. Nilisimamisha cherehani. Nikamshika mkono, nikamtazama machoni, nikamwambia, "Nimekusamehe, dada. Yameisha."

Sauti yangu ilitulia vizuri kabisa. Hata moja katika maneno yale sikuliamini. Naye, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii, akaniamini, akanishukuru, akaenda zake akiwa mwepesi.