Yaliyosemwa Bombani

Nimepanga nyumba nyingi tangu nitoke Shauri Moyo. Nimekaa Umoja, nikaenda Mowlem, nikajaribu Fedha miaka michache, halafu nikarudi Umoja tena kwa kukumbuka harufu ya mikate ya asubuhi, nikakuta tanuri lenyewe limeshafungwa. Kila ninapotafuta nyumba, swali langu la kwanza ni maji yako wapi. Mawakala hudhani naogopa mifereji kukauka. Ninachotaka kujua ni kama kuna bomba la nje, la watu wote, mahali ambapo wanawake husimama na mitungi wakisubiriana. Likiwepo, nyumba hiyo siichukui.

Kwetu bomba lilikuwa moja kwa safu nzima ya nyumba za kaunsili. Kila familia ilikuwa na chumba chake kimoja, pazia katikati, jiko karibu na mlango. Maji, mazungumzo na ugomvi vilikuwa nje, kwenye ile sakafu ya saruji iliyolika katikati kama bakuli. Jambo likishasemwa hapo lilikuwa limesemwa kwa watu wote.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alikaa milango michache kutoka kwetu. Aliuza mboga za kienyeji, mrenda na managu, na vidole vyake vilikuwa na weusi wa majani usiotoka kwa sabuni. Hakuzaa. Mumewe alimrudisha kwao kwa sababu hiyo, naye badala ya kwenda kukaa kijijini na aibu yake akaja Nairobi kwa ndugu yake. Alifika wakati mama yangu ameugua vibaya baada ya kumzaa dada yangu wa kwanza. Shangazi akamfunga mtoto mgongoni na hakumtua mpaka alipoanza kutembea.

Kwetu sisi watu wa magharibi, dada ya baba ni baba aliyevaa leso. Akikutemea maji kifuani alfajiri, kabla hajatia kitu kinywani, umebarikiwa. Akikutamkia mabaya saa hiyo hiyo, hakuna wa kuyafuta isipokuwa yeye. Familia yetu ilikwenda kanisani kila Jumapili, tukaimba, tukatoa sadaka, na hayo mengine tuliyajua vilevile, kama unavyojua kwamba jiko la makaa halilazwi ndani na mlango umefungwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Dada alipata mchumba, mchonga vinyago kutoka Ukambani, kijana mpole mwenye vumbi la mti kwenye nyusi. Alifanya kazi kwenye kibanda cha wachongaji karibu na Gikomba. Dada aliogopa kwamba shangazi angemkataa kwa kuwa si wa kwetu. Kwa hiyo wazee wa kijana walipokuja kujitambulisha, dada alihakikisha wamekuja saa ambayo shangazi yuko sokoni. Chai ikanywewa, maneno yakasemwa, na kile kiti cha kando ya mama, ambacho siku kama hiyo hukaliwa na dada ya baba, kikakaliwa na jirani.

Shangazi aliipata habari kesho yake asubuhi, bombani. Nilikuwepo, na dada alikuwa mbele yangu na mtungi wake chini ya maji.

"Nasikia jana kwetu kulikuwa na wageni," shangazi alisema.

"Walikuja kwetu, Shangazi. Si kwako."

Msichana mmoja nyuma akacheka. "Uuuwi! Leo ni leo."

"Mimi niliyekubeba," shangazi akasema, "leo nimekuwa jirani?"

Dada alikuwa na mdomo, Mungu amsamehe. "Ulinibeba kwa sababu hukuwa na wa kubeba. Ungekuwa na wako, usingehangaika na wa wenzako."

Mtungi ukajaa, maji yakamwagika, na hakuna aliyefunga bomba. Shangazi akaweka debe lake chini. Akaifungua leso kiunoni, akaifunga upya, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Basi na wewe ukae nilivyokaa."

Akaokota debe, likiwa tupu, akarudi kwake.

Nilikuwa nimetarajia kelele. Niliporudi nyumbani nilimweleza mama kwa namna ya kuchekesha, na mama, aliyekuwa akichagua mchele, hakucheka. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alikuwa amekunywa chai?"

"Bado. Alikuwa ndiyo anateka maji."

Mama akausukuma ungo pembeni.

Shemeji, yule mchongaji, alipoambiwa alijaribu kutupunguzia hofu. Alikuwa ameinamisha macho, maana mkwe hamkodolei mama mkwe macho, lakini alitabasamu. "Dua la kuku halimpati mwewe, Mama."

"Huyo si kuku, mwanangu," mama akasema. "Na wewe si mwewe."

Wakaoana, wakahamia Umoja. Mimba ya kwanza ilitoka tumbo likianza kuonekana. Kliniki wakasema hutokea. Ya pili ilitoka vilevile, na safari hiyo kulikuwa na kitu kidogo cha kuzika, ambacho hakikupewa jina. Shemeji hakutaja tena kuku wala mwewe. Kinyago kilichonunuliwa sana siku zile kilikuwa cha mama na mtoto mgongoni, na yeye ndiye aliyekuwa hodari wa hicho. Akaacha. Akawa anachonga twiga tu. Alimwambia mama kwamba hata kwao, mtu akishatamka, hutafutwa yule yule wa kutamkua. Hakuna fundi mwingine.

Dada akaja kumpigia shangazi magoti. Na hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu katikati ya mambo hayo shangazi alikuwa ameokoka.

Aliokoka kwenye mkutano wa hema, uwanjani, akaacha ugoro siku hiyo hiyo. Alivaa kitambaa cheupe kichwani, akawa kiongozi wa maombi ya akina mama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliwaona wanawake wenye watoto wakimwita Mama. Dada alipopiga magoti, shangazi alimwinua, akamkumbatia, akalia. "Nilishakusamehe zamani," akamwambia, na nadhani alisema kweli.

Mama akangoja siku kadhaa, kisha akaenda kwake, nami nikiwa nyuma na jogoo kwapani.

"Wifi, tumeshukuru kwa msamaha. Sasa mtemee maji."

"Maji gani tena?"

"Ya kuondoa."

"Kuondoa nini? Mimi sina laana, wifi. Mtu wa Yesu halaani. Nikitema hayo maji nimekiri kwamba nilikuwa nayo."

"Si ulitamka?"

"Nilitamka hasira. Hasira nimeitubu."

"Umeitubu kwa Mungu," mama akasema. "Maneno uliyamwaga bombani."

Shangazi akakataa jogoo. Akatushika mikono akaomba, ombi refu, zuri, mpaka jasho likamtoka, na mama akaitikia amina kwa moyo wote. Tuliporudi, mama alisimama mlangoni kwetu.

"Ameomba vizuri," akasema. "Lakini hajafungua."

Mimba ya tatu, hospitali walimshona dada ili mtoto akae, wakamwamuru alale. Shemeji alishinda kazini, kwa hiyo dada aliletwa kwetu, akapewa kitanda cha mama. Alilala akitazama mabati ya paa. Hakuruhusu mtu amnunulie mtoto hata soksi. Siku moja mchana akaniita kwa sauti ndogo, nikainua shuka, nikaona damu. Hospitali wakampokea, wakamwangalia, wakamrudisha jioni na maneno yale yale: alale, asiinuke.

Nilikwenda kwa shangazi bila kutumwa. Alikuwa akichambua mrenda.

"Shangazi, dada anatokwa damu."

Vidole vikasimama. "Mmempeleka?"

"Amerudishwa. Wamesema alale."

"Basi alale. Nami nitafunga, niombe."

Nilikuwa nimemaliza shule, na nilijiona na akili. Nikamwambia, "Kama huna laana, Shangazi, maji ni maji tu. Unaogopa nini kuyatema?"

Akauweka mrenda chini.

"Naogopa kwamba mtoto atabaki," akasema.

Sikuelewa. Akaona sikuelewa.

"Nikiyatema, na mtoto akabaki, mimi nitakuwa nani hapa?"

Akarudi kwenye mrenda wake.

Kulipopambazuka alibisha kwetu. Alikuwa amevaa leso ya zamani, na kichwa chake kilikuwa wazi, bila kile kitambaa cheupe. "Mleteni bombani," akasema.

Mama alimsihi ayafanye ndani, pazia lifungwe, watu wasione. Shangazi akatikisa kichwa. Yaliyosemwa mbele ya watu huondolewa mbele ya watu. Alijua hivyo, na mama pia alijua.

"Daktari amesema asitembee," shemeji akasema. Alikuwa amelala sakafuni kwetu usiku ule.

"Sikusema atembee."

Wakamkalisha dada kwenye kiti chetu chenye mikono, shemeji upande mmoja, kaka yangu upande wa pili, wakambeba kama bibi harusi, amefunikwa shuka. Bombani foleni ilikuwa imejaa, na nusu yake ilikuwa akina mama wa maombi. Mazungumzo yakakatika.

Mmoja wao akamshika shangazi mkono. "Mama mtumishi, unafanya nini? Tutamwambia nini mchungaji?"

"Mwambieni mlichoona."

Akamtazama dada, na dada, midomo imekauka, akasema, "Shangazi, nilikutukana hapa. Nisamehe hapa."

Shangazi akakinga maji kwa viganja, akajaza kinywa. Akayatema kifuani mwa dada, kisha tumboni, kama manyunyu. Maji ya alfajiri yalikuwa baridi, dada akashtuka na kiti kikatikisika.

"Nililolisema hapa nalirudisha hapa. Usikae nilivyokaa."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Bomba lilikuwa linamwaga maji, kama ile siku ya kwanza.

Damu ilikoma. Mtoto alibaki, akazaliwa msichana mnene mwenye sauti. Daktari alisema ni uzi, na huenda ni uzi.

Lakini safu nzima ilikuwa na hesabu yake: anayejua kufungua ndiye aliyefunga. Siku zilizofuata shangazi alipokwenda na debe lake, foleni ilijigawa ikampa njia. Hakungoja maji tena maisha yake yote pale. Mara ya kwanza alijaribu kusimama nyuma, na waliokuwa mbele wakaondoka na mitungi mitupu. Maombi yakahamishiwa nyumba nyingine na akasahauliwa kuambiwa. Wanawake waliomwita Mama waliwavuta watoto wao kwa mkono anapopita. Mboga zake zikawa zinanyauka kwenye gunia.

Wengine walikuja, na hao ndio waliomuumiza zaidi. Nilimkuta mmoja kwake, mke wa mtu, nadhifu kabisa, ana kuku kwenye kikapu. Alitaka mwanamke mwenzake atamkiwe. Shangazi alimsukuma nje na kikapu chake. "Mnaniona mimi ni duka?" Mwanamke yule alipokuwa akiondoka aliomba radhi kwa kuinama mara nyingi, kwa woga, akirudi kinyumenyume.

Na dada yangu. Alimletea shangazi mtoto amwone, ndiyo. Alikaa naye, akanywa chai, akashukuru. Lakini sikumwona hata siku moja akimwachia mtoto akatoka nje. Shangazi alipompakata, alivuta pembe ya leso akajifunika mdomo, na mtoto alikuwa akiicheka ile leso, akiivuta. Baada ya muda shangazi hakuomba tena kumpakata.

Alirudi magharibi mtoto akiwa ndiyo anaanza kusema. Mimi ndiye niliyembebea mzigo mpaka kwenye basi. Nilitaka kumuuliza kama kweli alikuwa nayo, ile laana, au kama sote tulimpa. Akawahi yeye.

"Kaka yako ataoa," akasema. "Wewe ndiye utakuwa shangazi."

"Ndiyo."

"Siku wakikuudhi, kunywa chai kwanza."

Hakucheka, nami nikaona vibaya kucheka.

Alifariki huko miaka mingi iliyopita. Kaka ameoa, ana watoto wakubwa, anakaa Fedha kwenye nyumba ambayo maji yamo ndani. Mimi sikujaliwa mtoto. Nikichoka na nyumba ninayokaa huenda kwake wiki moja au mbili, na kwa kawaida tunaelewana.

Mara ya mwisho nilikuwa jikoni kwake asubuhi, sijala. Binti yake mkubwa, mja mzito, alikuwa ameniudhi kwa jambo dogo la vyombo, nikamkanya. Akanigeukia. Hajui chochote kuhusu bomba la Shauri Moyo, hakuna aliyemsimulia.

"Shangazi, wewe ungekuwa na wako, usingekuwa unazurura kusumbua wa wenzako."

Maneno yalikuja. Sikuyatafuta, yalikuwa pale nyuma ya meno, machache, yamekwisha kupangwa. Nilimpa mgongo. Sufuria ya chai ilikuwa ndiyo imetoka motoni. Nikajaza kikombe, nikanywa, ikanichoma ulimi na koo, nikaendelea kunywa mpaka mwisho kabla ya kugeuka kumtazama. Mchana wake nilifunga begi.