Dapsabei wa Gazetini

Siku yangu ya kwanza katika maktaba ya chuo kikuu, hapa Kericho, Mkuu wa Maktaba alinipa koti la kijivu na amri moja: "Mama Cherono, usilambe kidole." Mimi niliishia darasa la nne, nikadhani ananitukana. Kumbe gazeti kuukuu halitaki mate. Likilowa, linaoza.

Magazeti ndiyo yalikuwa kazi yangu. Ya zamani tuliyashona mwezi kwa mwezi na kuyavika jalada gumu. Yaliyochakaa kabisa yalipigwa picha ndogondogo kwenye utepe, unausoma kwa mashine yenye taa. Hiyo ndiyo mikrofilamu. Ya leo yako kwa kompyuta, unaingia na paswadi ya chuo. Na msidhani ni ya wanafunzi tu. Mkulima akija na kitambulisho, tulimkaribisha.

Ndivyo alivyoingia mama mmoja wa Longisa, gambuti zimejaa matope.

"Mamangu alikufa akinizaa," akasema. "Naambiwa gazeti lilimpiga picha akishinda mashindano ya kuchuma chai. Sijawahi kuona uso wake."

"Jina?" nikamuuliza.

"Tapsabei."

Mkuu, mama wa Kikuyu asiyependa mchezo, aliliandika kwenye kompyuta yenye orodha ya habari za zamani. Hakuna. Akajaribu Tabsabei. Wapi! Yule mgeni akaanza kufunga leso kichwani aende zake.

"Keti, mama," Mkuu akamwambia. "Sema tena jina, kwa sauti."

"Dapsabei!"

Mkuu akacheka. "Nyinyi Wakipsigis mtaniua! T na D kwenu ni mapacha. Mwandishi wa gazeti aliandika alichosikia. Tutafute sauti, tuache jina."

Akaandika kwa D. Likatokea, na tarehe yake. Nikakimbilia rafu, nikaleta lile jalada, nikafunua kwa kidole kikavu.

Huyo hapo: kikapu mgongoni, anacheka, pengo la meno ya chini waziwazi.

"Ni mimi," mgeni akasema. "Huyu ni mimi kabisa."

Machozi yakamdondoka, tap, juu ya ukurasa. Nikaruka na kitambaa. Mkuu akanishika mkono.

"Wacha yadondoke, Mama Cherono."

Sasa nimestaafu, nafuga ng'ombe wangu, lakini lile doa bado liko. Nendeni mkawatafute wenu. Wakikosekana kwa T, jaribuni D.