Punda Wetu na Njia ya Utulivu

Njia inayotoka kwetu hadi mjini haikuwa na jina. Nyumba yetu iko nyuma ya Wiyoni, mtaa wa pembeni mwa mji wa Lamu, ndani ya mashamba, na tangu nilipoolewa huko nimeipita asubuhi na jioni bila kumsikia mtu akiita chochote zaidi ya "ndia ya punda", kama anavyosema mavyaa, mama wa mume wangu. Punda ndio walioitengeneza kwa kwato zao. Inapita katikati ya mikoma na minazi, inatokea kwenye nyika ya vichaka na miiba wanakolisha mbuzi, kisha inagawanyika. Mkono mmoja unaingia mjini. Mwingine unapanda kwenye vilima vya mchanga upande wa bahari, ambako hatukuwa na shughuli ila kama mbuzi amepotea.

Kisha ukaja mradi.

Mradi haujulikani unakotoka. Unajulikana kwa fulana. Wanaume wa mtaa walianza kuvaa fulana za kijani zenye picha ya buti la kupandia milima, kwenye kisiwa kisicho na mlima. Zikafuata semina, chai na sambusa, na baada ya sambusa vigingi: vya kijani msituni, vya njano nyikani, vyeupe mchangani. Msitu ni ile mikoma yetu. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nimeolewa msituni na sina habari. Pale tunapoanika nguo wakaweka kibao kusema hapo ni mahali pa kutazama mandhari, na kwa kuwa mandhari yenyewe ilikuwa nguo zetu, tukaombwa tukaanike kwingine. Njia ikapewa jina, Njia ya Utulivu. Utulivu wa nani, hawakuandika.

Mimi nilicheka tu. Mwenyekiti wa kamati ni ami yake mume wangu, mwenye nyumba ya wageni mjini, na sikutaka maneno ya ukoo. Nikawa nawatazama wageni wakipita na fimbo za chuma mbilimbili, wanatembea kwa bidii kwenda mahali pasipo na kitu, halafu wanarudi, wamechoka na wamefurahi. Mimi narudi sokoni na kikapu, nimechoka vilevile, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba huo ni utalii.

Kicheko kiliniisha ilipowekwa picha ya punda.

Mgeni mmoja alikanyaga mavi, akalalamika mtandaoni. Kamati, ambayo kwa jambo la maji ya kunywa hukutana ikipenda, kwa jambo hili ilikutana siku ileile. Penye mikoma ya mwanzo kikapigiliwa kibao: punda mweusi, mstari mwekundu umemkata tumboni. Binti yangu alikiona kabla yangu, maana yeye ndiye aliyekuwa juu ya punda.

"Mama, punda amefanya nini?"

"Amekunya."

"Na wale wageni hawanyi?"

"Wana choo, mwanangu. Nyamaza tupite."

Hatukupita. Askari wa njia, fulana ya kijani, alitugeuza.

Binti yangu alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda. Ulinyooshwa kwa plasta na kwa kisu, na sasa anavaa kiatu chenye vyuma viwili vinavyopanda hadi chini ya goti. Kwenye sakafu ya darasa anatembea vizuri, na uwanjani anakimbia kwa namna yake. Kwenye mchanga kama wa njia yetu kiatu kinazama, mchanga unaingia ndani, unamsugua mpaka anatoka damu. Ndiyo maana huenda shule mjini juu ya punda wa mavyaa.

Wala kamati haikuwasahau punda. Iliwapa njia yao: wazunguke nyuma ya vilima vya mchanga, ambako punda mwenyewe anazama mpaka magotini. Tukajaribu. Asubuhi ya kwanza punda alisimama katikati ya kilima akakataa kwenda mbele wala nyuma. Nilimvuta, nikamsukuma, nikamwambia maneno ambayo mtoto hakupaswa kuyasikia. Mwisho binti yangu akateremka, tukapanda kwa miguu, kanishika buibui. Tulipofika shule kengele ilikuwa imelia zamani na soksi yake imelowa damu. Ikawa hivyo wiki ile na iliyofuata.

Mwalimu mkuu akaniita. Ni mwanamke wa bara, mwema, anaongea polepole kama anayesoma imla.

"Mama, huyu mtoto ana akili. Lakini kila siku anakosa somo la kwanza. Kuna shule ya bweni Mombasa, ya watoto kama yeye. Naweza kuwaandikia."

"Watoto kama yeye vipi, mwalimu?"

"Wenye shida ya kutembea."

"Kutembea anajua. Amefungiwa pa kupita."

"Nimekuelewa. Lakini akiendelea hivi mpaka mwisho wa muhula, itabidi niandike."

Nilitoka pale nikisema peke yangu njiani. Mtoto wa miaka saba apelekwe Mombasa, akalale kwa watu wasiojua hata kumfunga kiatu, ili waliokuja kwa ndege wasichafue viatu vyao. Nikasema hapana. Kwanza huyo punda atapita chumbani kwa ami, juu ya kitanda.

Mkutano wa kamati ulifanyika kwenye paa la nyumba ya wageni. Sikualikwa. Nilikwenda na mavyaa, ambaye Lamu nzima hakuna anayethubutu kumwambia hajaalikwa. Afisa wa utalii, kijana wa bara mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe, alikuwa anaeleza kwamba mgeni wa siku hizi anatafuta uhalisia. Nikamkatiza.

"Bwana afisa, mwanangu atapita wapi?"

"Madam, hakuna aliyekatazwa kupita. Njia ni ya wote. Ni punda tu."

"Basi kesho asubuhi njoo umbebe wewe. Ukiona mgongoni unakunja shati, mweke kichwani."

Watu wakachekea ndani ya vikombe vyao. Ami akakohoa.

"Mwanangu, tuheshimiane. Hii ndia inaleta riziki mui mzima wa Lamu."

"Shemeji," mavyaa akamwambia, "hiyo ndia punda wakiipita na wewe huyavaa hata suruali."

Ami akatazama chini, kama anayehakikisha kuwa sasa ameivaa. Afisa akakimbilia simu yake, akapekua, akainua kichwa. Kanuni, alisema, zinakataza wanyama, isipokuwa wanyama walio sehemu ya utamaduni wa mahali. Kama punda angekuwa, tuseme, wa maonyesho.

"Punda wetu ni utamaduni," nikasema. "Na mwanangu aliye juu yake ni utamaduni. Na kiatu chake pia. Tumalize."

Nilidhani nawakejeli. Wao macho yakawang'aa. Kabla chai haijapoa walikwisha kukata shauri: punda avishwe koja la asumini, atandikwe mkeka wa kusuka, na mimi nitembee pembeni nimevaa shiraa, lile hema la nguo ambalo mabibi wa zamani walishikiliwa kwa vijiti wakipita njiani.

"Shiraa utavaa wewe, ami," nikamwambia. "Mimi nitakushikia vijiti."

Tukaishia kwenye asumini na mkeka.

Basi binti yangu akawa anakwenda shule akiwa maonyesho. Nikadhani nimeshinda, kwa kuwa sikuwajua wageni. Wakituona wanaziba njia, wanaomba tusimame, tugeukie jua, mtoto acheke, avue mkoba wa shule kwa sababu una katuni na unaharibu ule uhalisia. Mmoja aliomba kiatu nacho kitolewe. Nilimtazama mpaka akarudisha simu mfukoni. Siku hiyo tulichelewa tena. Mwalimu mkuu alisimama langoni, akatutazama, akaangalia saa yake.

Jioni nilimwambia binti yangu: kuanzia kesho punda hasimami. Akisimama ni wa mradi, akitembea ni wetu.

Kesho yake tulikutana nao kwenye mikoma, kundi zima. Nikawaambia kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne kwamba picha ruhusa, kusimama hakuna. Nikamgonga punda. Wakaanza kwenda kinyumenyume mbele yetu, simu zimeinuliwa, wanajikwaa kwenye mizizi, wanachomwa na miiba ya nyika, wanaombana radhi. Binti yangu akawa anawaonya kutoka juu: "Shimo. Kisiki. Mbuzi." Hawakuelewa hata neno moja. Palipo na vigingi vyeupe, walipopaswa kukata kwenda mchangani, walipita moja kwa moja, kwa maana macho yote yalikuwa kwetu. Wakaja nasi hadi Wiyoni, na mbele ya Wiyoni, hadi lango la shule.

Kengele ililia binti yangu akiteremka. Aliingia na soksi kavu, akapanga mstari na wenzake. Wageni wakabaki langoni wanauliza vilima vya mchanga viko wapi. Nikawaonyesha kwa kidole: huko mlikotoka.

Tangu hapo tumekuwa tukifika kwa wakati, na wageni wengi wanafika pamoja nasi. Ami akanipigia simu.

"Mwanangu, wageni wangu hawavioni vilima vya mtanga. Wote huishia skuli, na yua likipanda hawawezi tena. Nakuomba uwe ukitoka nyuma kidogo, wao wakishapita."

"Darasa litanisubiri?"

"Wewe unaharibu ile ndia."

"Mimi naipita tu, ami. Nyinyi ndio mnaitembelea."

Akakata. Sasa maneno yake huja kupitia kwa mume wangu, aliyeko kazini Mombasa, ambaye hunipigia kila Ijumaa kunisihi nipunguze ukali. Namsikiliza mpaka mwisho, namuuliza kama amekula, halafu sipunguzi.

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu alinipa ripoti ya binti yangu mkononi. Nikasubiri aseme habari za Mombasa. Alimtazama punda na koja lake, akatazama wageni wanaofutana vumbi kwenye uzio wake, akaniuliza kama muhula ujao hao nao watataka madawati.

"Hao watarudi kwao," nikamwambia. "Huyu wangu atakuja."

"Basi aje mapema," akasema, akaenda kufunga ofisi.