Kidevu cha Binti wa Mpiga Pasi

Wewe unayemcheka mwanamume aliyefunga mtoto kifuani, ulifundishwa na nani kufunga mbeleko? Mpiga Pasi hakufundishwa na mtu. Dada zake walibebeshwa wadogo zao tangu wana miaka saba; yeye alitumwa dukani. Mkewe alipofariki kwa uzazi, alibaki na kichanga cha kike, kitenge cha marehemu, na kazi ya kusimama kutwa kwenye chumba cha dobi.

Mama mkwe alikaa naye miezi miwili, kisha akataka kurudi kwake na mjukuu.

"Nipe nikamlee, baba. Peke yako utaweza wapi?"

"Nitaweza, mama. Nimebaki na huyu tu."

Asubuhi iliyofuata alimfunga mtoto, akaenda naye kazini. Alifunga kama mpiga pasi: kitambaa kimenyooka, mkunjo umesimama. Akamshusha hadi tumboni ili mkono wa pasi upate nafasi, akamfunika uso asipigwe na mvuke.

"Kaka, siku hizi unanyonyesha?" wafuaji wakamtania.

"Wewe kama una njaa sema, chupa ninayo."

Wakaangua kicheko. Bi Povu, mfuaji wa siku nyingi, hakucheka. Saa nne akaja kusimama mbele yake, mikono ikichuruzika sabuni.

"Huyo kalala tangu saa ngapi?"

"Tangu saa mbili. Mtoto mpole sana huyu."

"Mpole nini! Funua!"

Akafunua. Mtoto alikuwa amejikunja, kidevu kimegandamana na kifua, midomo imegeuka rangi ya wino. Bi Povu akamchomoa, akamnyoosha shingo, akamsugua nyayo. Pasi iliunguza shati la mtu na hakuna aliyeijali. Kisha mtoto akavuta pumzi, akalia. Baba mtu akakaa kwenye rundo la mashuka machafu.

Zahanati walisema amewahiwa. Njiani kurudi, Bi Povu alimfunga upya.

"Mfunge juu, uweze kumbusu utosini. Uso uuone muda wote. Chini ya kidevu vidole viwili vipite. Na kwenye pasi ya moto asikae kabisa, hata umfunge vipi."

Basi akamwomba bosi ampe kazi ya kupokea nguo mezani, mbali na moto. Nafasi ilikuwepo, kila mtu aliijua. Bosi hakuinua hata macho.

"Hapa si wodi ya wazazi. Mtoto au pasi, chagua."

Eti chagua! Bila pasi, maziwa ya kopo yatoke wapi?

Jioni alimweleza yote mama mkwe, ambaye alikuwa bado hajaondoka, hakuficha. Mama hakumgombeza. Hilo ndilo lililomliza.

Kesho yake alfajiri, kituoni, alimfunga mwanawe kwenye kifua cha bibi yake, juu, akapitisha vidole viwili, akarudia tena. Mama mkwe akapanda basi, akakaa dirishani. Injini ilipowaka, kichwa cha mtoto kiliinama. Mpiga Pasi akagonga kioo kwa ngumi.

"Mama! Kidevu!"

Hakusikika. Akaonyesha kwa kidole chini ya kidevu chake mwenyewe. Mama mkwe akaelewa, akainua uso wa mtoto taratibu, pua ikawa wazi. Basi likaondoka.